Jicho Jekundu Wakati wa Kupeana Amani

Tangu mke wangu afariki, mkono wa mtu naushika mara moja kwa juma, kanisani, padri anaposema tupeane amani. Watoto wako mbali. Wananipigia simu, asante kwao, lakini simu haina vidole. Kwa hiyo naweza kukosa mengine yote, ila misa ya Jumapili, hapana. Mungu anisamehe, kuna siku mahubiri yananipita kabisa, nangoja amani tu.

Jumapili moja nilimgeukia maman tunayekaa naye benchi moja, muuza mboga wa hapa kwetu Cimpunda. Alinyoosha mkono, akanitazama usoni, akaurudisha haraka ndani ya kitenge.

«Papa, uko na apolo,» alisema. «Jicho moja iko damu tupu.»

Apolo ni ule ugonjwa wa macho unaoambukiza mtaa mzima. Mimi sikusikia maumivu wala mwasho, lakini benchi yote ilisogea. Nyumbani nikatafuta kioo. Kweli, doa jekundu lilikuwa limekaa kwenye weupe wa jicho kama tone la mawese kwenye sahani. Nilikasirika. Nimeamka nalo, nimekunywa chai nalo, nimepanda kilima nalo, na nyumbani hakuna mtu wa kuniambia.

Kesho yake nilienda kituo cha afya. Muuguzi, binti mpole, alinifungua jicho kwa vidole, akanipima na tansiyo, msukumo wa damu.

«Si apolo, Papa. Ni mushipa mudogo ilipasuka. Unakohoa? Unapiga chafya sana? Ulifikicha jicho? Ao ulibeba kitu kizito?»

«Bidoni za maji. Toka bomba la chini mpaka kwangu.»

«Wewe mwenyewe?»

«Sasa nani?»

Alinitazama mikono. Halafu akasema tansiyo ni nzuri, dawa haihitajiki, damu itaondoka yenyewe polepole, wala haimwambukizi mtu. Doa likirudi tena na tena, ndipo nimwone.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema, maneno yangu tayari mdomoni.

«Maman, muuguzi alisema ni mushipa tu. Haiambukize.»

«Pole, Papa,» alisema, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli, ila mikono ilibaki ndani ya kitenge. Sikumlaumu, ana watoto nyumbani. Hapana, nadanganya, nilimlaumu sana. Niliondoka bila kusalimia mtu, nikala ugali baridi nimesimama.

Doa likafifia, likawa manjano, likaisha. Jumapili ya jicho jeupe nilivaa koti langu la harusi za watu. Wakati wa amani maman alinikagua jicho kwanza, akatabasamu, akanipa mkono. Ulikuwa mgumu kwa kazi, na wa moto. Nikaushika.

«Papa,» alininong'oneza kwa upole, «uniachiliye sasa.»

Watu wote walikuwa wamekwisha kukaa.