Mpe Baba Simu

Nilianza kujifunza Kijapani nikiwa na miaka hamsini na mitano, mvi nimezifunika kwa hina na magoti yameshaanza kulalamika kwenye ngazi za stesheni. Watu wakiniuliza kwa nini, nilikuwa nawajibu kwamba napenda lugha. Uongo mtupu. Nilikuwa na mjukuu.

Mwanangu wa kwanza alikwenda Japani kufundisha Kiingereza. Mwaka mmoja tu, alisema. Akaoa huko huko. Nilipopata habari za harusi nilikasirika, na sikuficha. Binti mwenyewe sikuwa na neno naye. Alikuwa ameshasilimu, na adabu zake nilizisikia hata kwenye simu. Nilichomwambia mwanangu ni hiki: "Na mtoto akizaliwa, mie n'tazungumza naye kwa ishara?" Harusini hatukwenda. Mtoto akazaliwa, wa kike, na hasira zangu zikaisha siku niliyoletewa picha yake, uso wa babu yake mtupu, mpaka kule kukunja nyusi. Lakini lile swali la ishara lilibaki pale pale, kwa sababu lilikuwa swali la kweli.

Kila Jumapili tulipigiana simu ya video, asubuhi kwetu Wembley, jioni kwao. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akipokea. Huinamisha kichwa, huniamkia kwa maneno mawili matatu ya Kiswahili aliyofundishwa na mumewe, kisha humsogeza mtoto. Na mtoto, tangu alipoanza kusema, akiniona tu alikuwa anaita: "Baba! Baba!" Mwanzo nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, angalau mwanetu kamfundisha mwanawe kumwita baba, kama watu. Halafu nikaanza kuumia. Nikimuuliza hali yake, "Baba!" Nikimpungia mkono, "Baba!" Basi mie nacheka, nasema, "Haya mwanangu, mpe baba simu," na simu inapelekwa kwa mwanangu, tunazungumza habari za baridi na bei za vyakula mpaka muda unakwisha.

Ikawa ndio desturi yetu. Mtoto anatimiza miaka minne na mimi sijawahi kuzungumza naye hata dakika moja. Nilijiambia kwamba hanitaki kwa sababu sina lugha yake. Mtu asiye na lugha yako anakuchosha, hata mkubwa anachoka, seuze mtoto. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba siku moja aniangalie na asiite mtu mwingine.

Ndipo nikajiandikisha darasa la Jumamosi, Harrow, si mbali na kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi. Mwanangu sikumwambia. Nilitaka nijifunze kwanza, niwe na maneno ya kutosha, halafu Jumapili moja nimshtue. Mume wangu alinicheka wiki nzima. "Kiingereza chenyewe hujamaliza, unaanza Kijapani?" Nilimwambia apike mwenyewe chakula cha Jumamosi, na kicheko kikaisha.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kijapani, mwembamba, mpole, lakini mkali kwenye kuchelewa. Wanafunzi wengi walikuwa vijana wa Kiingereza waliopenda katuni za Kijapani. Watu wazima tulikuwa wawili, mimi na mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa. Maisha yake yote aliuza spea za magari ya Kijapani, kwanza Mombasa, halafu London, na alitaka kabla hajafa ajue yale maboksi yalikuwa yameandikwa nini. Tulikaa nyuma tukisengenya kwa Kiswahili, na mwalimu akidhani tunafanya mazoezi.

Na wallahi Kijapani kinatamkika. Maneno yao mengi yanaishia kwa irabu kama yetu, huna haja ya kuupinda mdomo. Vijana wa Kiingereza wakihangaika, mimi na mzee tunatiririka tu. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, na mimi kichwa kikavimba. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilimsomea mume wangu rangi zote mpaka akazima televisheni.

Mwalimu alikuwa na imani kwamba lugha haifundishiki kwa kukaa kitini. Kila baada ya wiki chache alitutoa matembezini. Mara ya kwanza alitupeleka jumba la makumbusho, kwenye chumba cha vitu vya Japani, akatusimamisha mbele ya kabati la vinyago vidogo vya wanyama. Akaonyesha dubu, akalitaja jina lake. Mimi na mzee tukatazamana. Jina la dubu kwa Kijapani ni neno ambalo kwetu mtoto akilitamka anatiwa pilipili mdomoni, na silitaji hapa. Mwalimu akataka tulirudie sote kwa sauti. Vijana wakalirudia, mara tatu, kwa furaha kabisa, mbele ya watoto wa skuli waliokuwa wakipita.

"Dada," mzee akaninong'oneza, macho chini, "hilo mie silitamki."

"Kwani nani kakwambia mie nalitamka?" nikamjibu. Mwalimu akatuuliza kama tunaumwa. Tulisema ndiyo, tukatoka nje tukacheka mpaka mzee akatafuta kiti.

Mara ya pili ikawa chai. Tulikaa juu ya mikeka kwenye ukumbi mmoja, tumekunja magoti na kukalia visigino, na mama mmoja wa Kijapani akatutengenezea chai ya kijani polepole sana, kila kitu kwa mkono wa taratibu. Chai yenyewe haina sukari, haina maziwa, haina hata harufu ya iliki. Nilimeza kwa heshima. Lakini kwenye kukaa hawakuniweza. Vijana walianza kujinyoosha kabla maji hayajachemka, wanashika miguu, wanaomba radhi. Mimi nimekaa kitako cha tahiyatu, kikao cha sala zangu za maisha yote, wala sikutikisika. Yule mama aliniinamia mimi peke yangu, na nikaona fahari kubwa. Nilitamani mjukuu wangu angeniona.

Matembezi ya tatu yalikuwa majira ya kuchipua, kwenye bustani ya Kijapani iliyo ndani ya Holland Park. Mume wangu alikuwa ameshanionya. "Siku ya mechi leo, na treni ya Metropolitan ina engineering works, haiendi. Utafika lini?" Nilifika, kwa mabasi mawili na jasho. Maua ya mti wao wa cheri yalikuwa yamefunguka, na Wajapani wa London nao walikuwa wamejaa, na watoto wao na vyakula vyao kwenye visanduku. Mwalimu alitutandikia shuka chini ya mti na kutupa kazi: kila mmoja azungumze na Mjapani mmoja asiyemjua, hata kwa sentensi moja.

Nilikuwa natafuta mtu mwenye sura ya huruma, mara nikaona mtoto wa kiume, mdogo kuliko mjukuu wangu, amesimama peke yake karibu na maporomoko ya maji. Analia, anageuka huku na huku, anaita: "Baba! Baba!"

Moyo ulinilipuka. Huyu mtoto wa Kijapani anaita baba! Sikuwaza mara mbili. Nilisema moyoni, kumbe yuko na Mswahili mwengine London hapa aliyeoa kama mwanangu. Nikamshika mtoto mkono, nikaanza kumtafuta Mswahili mwenzangu kwenye ule umati. Nilimwona Mwafrika mmoja mrefu na kamera, nikampigia kelele: "Ndugu yangu! Mwanao huyu anakulilia!" Akanitazama, akatazama nyuma yake, akajibu kwa Kifaransa.

Mzee wangu wa Mombasa akaja mbio kwa fimbo yake. "Dada, vipi?"

"Kapotelewa na babake. Mswahili, lazima yuko hapa hapa."

Basi na yeye akaanza kuita, "Baba mtoto! Baba mtoto!" Holland Park nzima ikatugeukia. Mtoto akazidi kulia, anavuta mkono wake, anaita baba kwa nguvu zake zote. Hapo akatokea bibi mmoja wa Kijapani, kofia ya jua kichwani, mikono ameitanua. Mtoto akaniponyoka, akamrukia, akamwita baba kwenye shingo yake, akanyamaza.

Nilimtazama yule bibi. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na mwanamume karibu.

Mwalimu naye alikuwa ameshafika, anaomba radhi kwa niaba yetu, anainama na bibi anainama. Nilimshika mkono. Nilimuuliza kwa Kiingereza, maana Kijapani kilishaniruka: kwa nini mtoto anamwita huyu mama baba? Mwalimu akacheka kidogo. Akasema neno tulilosoma darasani la bibi ni refu kwa watoto wadogo, ulimi wao haulifikii; basi wao husema "baaba", wanaivuta ile irabu ya kwanza. Ndivyo kila mtoto Japani anavyomwita bibi yake. Alidhani tunajua.

Nilikaa chini pale pale, kwenye jiwe la watu. Mzee aliniuliza kama ni presha. Nikamwambia siyo presha, ni mjukuu wangu, ananiita miaka yote hii na mimi namfukuza. Nililia mbele ya wale vijana wa katuni, kamasi mpaka kwenye mtandio, na sikuona haya. Mzee alinipa leso yake, akakaa karibu yangu.

Nilipofika nyumbani, kwao Japani kulishakuwa usiku wa manane. Nikangoja asubuhi. Sikumsimulia mume wangu mpaka tulipokuwa tumekaa mbele ya simu, na aliposikia alishika kichwa. "Basi na mie kumbe ananiita, sijui ananiita nani," akasema. Nikamwambia hayo yake yatafuata.

Mkwe wangu akapokea, akainamisha kichwa, akaniamkia. Akamsogeza mtoto. Mtoto alinitazama, akasema lile neno lake, mara moja tu, bila ya furaha na bila ya huzuni. Kisha kabla sijafungua kinywa akaichukua simu, akaondoka nayo. Niliona dari, nikaona taa, nikaona mlango unapita. Nikasikia anasema kitu kwa Kijapani, na uso wa mwanangu ukatokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kasema nini huyo?"

Akasita. "Hajasema kitu."

"Nakuuliza kasema nini."

"Kasema, Bibi huyu hapa, anakutaka wewe."

"Nani kamwambia nakutaka wewe?"

Mwanangu alinitazama kama mtu anayepima maneno yake. "Mama, si wewe mwenyewe? Kila akikwita unamwambia mpe baba simu. Sasa kashazowea, hangoji tena kuambiwa."

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nimechanganya bustani na Mfaransa na jiwe, mume wangu ananisahihisha pembeni. Nilipomaliza mwanangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Sisi tulifikiri hutaki kuzungumza naye," akasema. "Kwa sababu ya yale ya harusi. Mke wangu anaumia, namwambia, Mama ndivyo alivyo, mpe muda. Hata mtoto aliwahi kuniuliza bibi ana hasira gani na yeye."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu kwamba unasikia vibaya."

"Basi hukusema uongo," nikamwambia. "Mwite."

Akamwita. Mtoto akaja, akapewa simu, akauona uso wangu. Nilikuwa nimejitayarisha, nimeandika hata salamu kamili kwenye bahasha ya bili ya gesi, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Akaniita, kwa adabu, kama mtu anayetimiza kazi yake, na papo hapo akageuza simu kumrudishia babake.

"Ngoja!" nikapiga ukelele. Kwa Kiswahili, ndio kilichonitoka.

Akangoja. Neno hilo alilijua. Babake humwambia kila asubuhi wakati wa kumfunga viatu. Akaigeuza simu polepole, uso wake ukaijaza, nyusi amezikunja. Ile bahasha sikuiona tena, macho yamejaa maji. Nikamuuliza kitu pekee nilichokikumbuka kwa Kijapani, kama amekula.

Alifikiri kidogo. Kisha akaanza kunieleza, kirefu, na mikono juu, chakula gani na nani kakipika na kipi hakukipenda. Mimi nusu yake sikuifahamu, naitikia tu ndiyo, ndiyo, naye anaendelea, na simu haikupelekwa kwa mtu.