Mlio Niliouongeza kwenye Lori la Baba

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukazunguka mtachoka. Siku moja, mbele ya wanaume wazima wenye grisi mpaka viwikoni, mie mtoto wa kike mwenye gauni la maua nilijifanya lori. Tena lori bovu. Na nililiigiza uongo kwa makusudi, ili watu wacheke.

Nimekumbuka asubuhi hii, jirani yangu alipokuwa anahangaika kuwasha pikapu yake. Ikawa inajivuta, nyaaa... nyaaa... nya, kama mtu mzima anayeinuka mkekani, na harufu ya petroli ikapita dirishani ikanikuta na kikombe mkononi. Chai imepoa hapo hapo, mie nimeduwaa.

Enzi hizo za Mwingereza sie tulikaa Temeke, kwenye nyumba ya makuti yenye uwanja mkubwa mbele. Baba yangu, Bwana Shomari, alirudi vitani na masikio yaliyochoshwa na mizinga, na hamu ya kuwa na lori lake mwenyewe. Masikio hayakumgharimu kitu. Lori alilihangaikia miaka, mpaka akapata moja kuukuu lililoachwa na jeshi, lina pua ndefu na viti vinavyochoma makalio jua likiwaka. Mama aliliita mke mwenzangu. Asubuhi akimwona baba katoka nje kabla hata ya kunawa uso, atauliza, "Mke mwenzangu hajambo?" Na baba atajibu bila kugeuka, "Kalala salama, anakusalimu."

Akapata kazi ya kubeba mchanga na kokoto kwa mkandarasi wa Kihindi, Bwana Merali, aliyekuwa anajenga nyumba upande wa Kinondoni. Hiyo kazi ndiyo iliyokuwa inatulisha sote, na lori lenyewe. Kabla ya kuianza, baba akaona haifai kwenda kwa mtu na gari lenye rangi ya vita. Akalipaka kijani lote, mpaka fremu ya chini isiyoonwa na mtu ila kuku. Alifungua kila kilichofunguka, akapaka, akasubiri pakauke, akarudisha na kukaza. Mie na rafiki yangu Tatu, mtoto wa nyumba ya pili, tulimshikia kopo. Lori likapendeza mpaka mama akanuna kidogo.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Baba akibonyeza stata, injini haizunguki kwa nguvu, inajikokota, kisha inanyamaza. Siku nyingine inakubali bila shida, siku nyingine inagoma mbele ya mzigo. Hendeli ya kuzungushia kwa mkono alikuwa nayo, lakini ilishawahi kumrudi ikampiga kifundo cha mkono, akashinda siku nyingi anakula kwa kulishwa, na tangu hapo hawakuelewana. Kwa hiyo lilikuwa linasukumwa. Likigoma kwetu tunalisukuma sie watoto wa mtaa. Likigoma Kinondoni wanalisukuma vibarua wa Bwana Merali, huku nyumba inawangoja.

Jioni, mie nikapata kazi yangu. Nilikuwaga nasimama uwanjani, nakunja uso kama baba, nabonyeza stata kwa mguu mtupu, halafu natoa ule mlio kooni. Watoto wanakaa chini kwa kucheka. Tabu yake ni kwamba mlio wa kweli ulikuwa unakwisha vibaya. Unafika nya, unakatika, basi. Mchezo haumalizwi hivyo. Nikautengenezea mkia: kra-kra-kra, huku natikisa kiuno. Hapo sasa hata wapita njia walikuwa wanasimama.

Bwana Merali hakuwa mkali, ila kwenye saa hakuwa na masihara. Siku moja akamwambia baba, kwa adabu kabisa, "Bwana Shomari, watu wangu wanakaa kungoja mchanga. Likigoma tena, kazi nampa mwingine. Usininunie." Baba hakununa. Kesho yake akalisukumisha mapema, akaenda Buguruni kwa Fundi Pius, mtu wa bara huko Tabora aliyekuwa naye jeshini. Mama alikuwa kwa dada yake mgonjwa, kwa hiyo mie na Tatu tukapakiwa na sie.

Pale gereji palikuwa na paa la bati, ardhi nyeusi kwa oili, na mama mmoja mlangoni anakaanga mihogo. Harufu ya mihogo na ya grisi zilichanganyika mpaka leo nikila mhogo nasikia gari. Baba akazima lori, akabonyeza stata ili Pius asikie. Likawaka mara moja. Baba akazima, akabonyeza tena. Likawaka.

"Afande," akasema Pius, ambaye alimwita hivyo kwa utani, wala hakuna aliyekuwa na cheo kati yao. "Umeniletea mzima nimtibu?"

"Linajivuta."

"Linajivuta vipi?"

"Linajivuta tu, Pius."

Baba hakuwa msemaji. Pius akaacha kucheka, akafunua betri, akatazama maji yake, akawasha taa akaona zinang'aa. Kisha akashika ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye fremu, akawa anaufuata kwa kidole taratibu. Huku anaufuata akauliza kama hakuna mtu wa kumwonyesha lori linavyolia likiwa kwao. Tatu akanisukuma mbele, akanitaja jina. "Hawa anajua."

Nikatoa mlio. Wa kweli, nyaaa... nyaaa... nya. Pius kafumba macho, kidole kiko pale pale kwenye waya, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayekaribia kukumbuka jina. Hakuna aliyecheka. Nami, mnanijua, watu wasipocheka naona baridi.

Nikaongeza kra-kra-kra, na kiuno.

Wakaangua kicheko mpaka mama wa mihogo akashika nguzo. Pius naye akacheka, akaachia waya, akajifuta machozi kwa mkono wa grisi. "Basi tumemaliza," akasema. "Hayo ni meno ya stata. Yanateleza."

Baba akasema polepole, "Hiyo ya mwisho mie sijapata kuisikia."

"Afande, kwa masikio hayo utasikia nini? Mizinga ilishayala. Mtoto ana masikio mapya."

Wakacheka tena. Baba akanigeukia. Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza kweli. "Inalia hivyo, mwanangu?"

Kile kicheko kilikuwa bado kinaniwasha mwilini. Nikasema, "Ndiyo, baba. Kila siku."

Stata ikafunguliwa. Meno yalikuwa yamelika kidogo, kama ya mtu yeyote wa umri ule, na Pius akaona maneno yangu yamethibitika. Akaagiza nyingine. Ikachelewa kuja, lori likakaa Buguruni mpaka kuku wakatagia chini yake. Bwana Merali alingoja, sitamsingizia, kisha akampa kazi mwingine kama alivyosema. Stata mpya ilipofika ikafungwa, baba akabonyeza, na lori likajibu: nyaaa... nyaaa... nya. Pius alikaa chini.

Kazi hakuna, na lori lisilo na kazi halikai. Baba akaliuza kwa kijana mmoja wa Tandale anayebeba mboga. Jioni aliyolikabidhi, mama hakufanya utani wowote. Shule yangu nayo ikakatikia njiani mwaka ule, ingawa walimu, nadhani, walipumua.

Yule kijana alikuwa na adabu. Ijumaa moja akaja kusalimia. "Shikamoo mzee. Nimekuja kukushukuru. Kumbe ule waya wa betri ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Nimekwangua mpaka kwenye chuma, nimekaza nati, sasa likiguswa tu linaruka. Njia ya mashimo ikiutikisa ulikuwa unagusa chuma, ndiyo maana siku nyingine lilikuwa linakubali." Baba akasema alhamdulillahi, akamkaribisha chai. Mie ndiye niliyeimimina, nyingine kikombeni, nyingine mkekani.

Baba hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Akaenda kuendesha malori ya watu mpaka nguvu zikamwisha. Mie nikajihesabu nimepona, nikaendelea kuchekesha mitaa.

Ila alianza kutuuliza mambo. Mvua inamwagika juu ya makuti, yeye anasema, "Hawa, mvua hiyo?" Adhana imeshapigwa, anamtazama mama usoni kwanza ndipo anyanyuke. Tukasema anazeeka. Nimekuja kuelewa na watoto wangu mwenyewe, siku niliyodanganywa na mmoja wao nikabaki natilia shaka macho yangu. Baba alikuwa amesikia sawasawa. Yeye peke yake, katika gereji nzima, alisikia sawasawa. Mizinga ilimchosha masikio, lakini mtu aliyemfanya asiyaamini tena ni mie.

Nilimsimulia Tatu yote haya hivi majuzi, tuko kwake tunachambua mchele, bibi wazima wawili. Nikasimulia kwa utani, na kra-kra nikaitoa, kiuno kikakataa. Tatu hakucheka. Alichambuachambua, akaweka ungo chini.

"Pale gereji, wewe ulipokwenda kununua mihogo," akasema, "baba yako aliniita nyuma ya lori. Akaniuliza kwa sauti ndogo, 'Tatu, nawe unaisikia hiyo ya mwisho?' Nikamwambia naisikia, baba. Nilidhani anataka tuendelee kucheka."