Baridi ya Chumba Kimoja

Mume wangu alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli za mizigo, na kila aliporudi nyumbani alirudi na kitu. Safari moja ilikuwa cherehani, safari nyingine redio kaseti. Mwaka ule ambao sabuni ilikuwa ya foleni na mchele tukiuulizia kwa kunong'ona, alirudi na makasha mawili makubwa juu ya mkokoteni. Aliingia nayo mtaani kwetu Kariakoo mchana kweupe, watu wote wakitazama.

"Ni nini hicho?" nikamuuliza hata kabla sijampokea begi.

"Eakondishen. Ya kisasa kabisa. Sasa tutalala kama watu."

Neno kiyoyozi tulikuwa hatujalizoea. Eakondishen tuliziona maofisini na kwenye mahoteli, zimechomoza madirishani zikiwadondoshea maji wapita njia. Hii haikufanana na zile. Ilikuwa vipande viwili: kimoja kirefu chembamba, cha kutundikwa ukutani ndani ya chumba, na kingine kizito chenye feni, cha kukaa nje. Kati yao yapite mabomba ya shaba. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba ilikuwa yake, alivizunguka vile vipande akiwa ameshika kiuno.

"Sasa baridi iko kwenye lipi?"

"Hili la ndani, mama. Lile la nje linatoa joto."

"Linalipeleka wapi?"

Mume wangu akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, uani nyuma. Mama mkwe alikaa chumba cha mbele, sisi cha mwisho, vingine walikaa wapangaji. Uani ndiko kulikokuwa na bomba, kamba za kuanikia na majiko ya wote. Mpangaji mmoja, mwanamke wa Lindi, alipika vitumbua vya kuuza, na mahali pake pa kupikia palikuwa chini ya ukuta wa chumba chetu, kwa sababu mvua haikufika pale.

Mimi nilikuwa nimemsubiri mume wangu karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeomba likizo kiwandani nilikokuwa nashona, na mipango yangu ilikuwa midogo tu. Twende kwetu Kisiju akamwone baba yangu aliyekuwa mgonjwa. Twende hospitali pamoja, maana tulikuwa hatujajaliwa mtoto na daktari alikuwa amesema nisirudi tena peke yangu. Hayo nilimwambia siku aliyofika. Akanijibu, "Tutaenda yote. Ngoja kwanza tufunge hii mashine, ni kazi ya siku moja."

Fundi alimpata Buguruni, mtu mnene mpole aliyetengeneza mafriji. Alikuja na begi lake la vifaa, akavitazama vile vipande viwili, akakuna kidevu.

"Ndugu, za dirishani nimezifunga nyingi. Hii nayo ni hiyohiyo, wameikata tu katikati."

Akaanza kutoboa ukuta apitishe mabomba. Kwa nje nyumba yetu ilionekana ya saruji, lakini ilikuwa ya fito na udongo kama nyumba nyingi za zamani za Kariakoo, saruji ilipakwa juu tu. Alipogonga patasi mara ya tatu au ya nne, ukuta ukamwagika. Alitaka tundu la kupitisha mkono. Akapata tundu la kupitisha mbuzi. Vumbi lilipotulia nilimwona yule mwanamke wa Lindi upande wa pili, sufuria mkononi, ananitazama nimekaa kitandani kwangu.

"Hodi, dada," akasema.

Hakuna aliyecheka zaidi ya yeye.

Saruji haikuwa kitu cha kwenda dukani na kununua. Ilikuwa ya kibali. Mume wangu akaanza safari za kutafuta kibali, ofisi hii wanamwambia aende ile, ile wanamwambia mhusika yuko kwenye semina. Sisi tukaziba tundu kwa gunia na kipande cha kasha. Gunia lilizuia macho, halikuzuia masikio. Nilikuwa na mume wangu chumbani baada ya miezi yote ile, na tukikohoa tu, uani mtu anatuambia pole. Tukawa tunazungumza kwa ishara kama wezi. Habari ya mtoto niliyotaka tuizungumze kwa utulivu ningeizungumzaje hapo?

Nikamwambia, "Acha hiyo mashine. Twende Kisiju."

"Nikiondoka sasa huyu fundi hatumwoni tena."

"Basi asionekane!"

"Shh," akasema, akinionyesha gunia.

Saruji ikapatikana mwishowe, nusu mfuko, kwa mtu aliyekuwa anajenga Upanga. Fundi akarudi. Wakaziba sehemu kubwa ya tundu, wakatundika kile kipande cha ndani, kile cha nje wakakiweka uani juu ya matofali, palepale pa mpika vitumbua, kwa sababu mabomba yaliyokuja nayo yalikuwa mafupi na hayakufika penginepo. Yule mwanamke alihamisha jiko lake hatua chache. Mimi niliona aibu, nikamsaidia kubeba kuni.

Halafu fundi akataka kuhakikisha kwamba mashine ina gesi. Akalegeza nati moja. Ikalia sss, mlio mrefu, na yeye akavuta mkono kama aliyeguswa na moto.

"Hiyo ni nini?" mume wangu akauliza.

"Gesi."

"Inatoka?"

"Imeshatoka."

Nilimwona mume wangu anakaa chini, kwenye sakafu ya saruji, mikono kichwani. Sikumhurumia. Nilikuwa natazama kalenda ukutani.

Siku zilizobaki za likizo yake alizimaliza mtaa wa Gerezani kwenye karakana na bandarini kwa mabaharia wenzake, anaulizia gesi. Anatoka asubuhi, anarudi magharibi amejaa jasho na harufu ya grisi, anakula, analala. Mara moja nilimfuata mpaka Gerezani nikamkuta kaketi juu ya pipa, anamsikiliza mtu anayemwahidi gesi ya kesho. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nakwenda hospitali, kama anakuja aje. Alisema nitangulie. Nilitangulia, nikakaa kwenye benchi mpaka muuguzi akaniuliza namsubiri nani.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wakala wa meli: aripoti Mombasa, meli inaondoka mapema. Alifunga begi kwa haraka. Mlangoni aliniambia mambo mawili: nijitunze, na fundi akileta gesi nimsimamie vizuri.

Nilirudi chumbani nikalia kwa hasira, sikujali tena nani ananisikia.

Fundi alileta gesi wiki iliyofuata, amefurahi kama mtu aliyeleta posa. Akajaza, akaunganisha waya, akabonyeza. Mashine ikaguruma, taa ya korido ikafifia, na kweli, upepo wa baridi ukashuka. Mama mkwe akaja, akakaa kwenye kiti, akajifunika kanga mpaka kichwani.

"Kama wodini," akasema. Baada ya muda kidogo akaondoka, na hakuja tena.

Huko uani lile jingine lilikuwa linapuliza joto usawa wa kifua. Nguo zilikauka haraka, hilo lilikuwa jema lake pekee. Majiko yote yalikuwa yanapepewa na moto juu ya moto. Kila niliyemsikia uani alikuwa analalamika, lakini aliyekuja kuniambia alikuwa yule mwanamke wa Lindi, na alikuja kwa adabu, amefuta mikono kwa kanga.

"Dada, shemeji kakuletea baridi, na sisi hatukuonei wivu. Lakini sisi ametuletea jiko la pili ambalo hatuna cha kupika juu yake."

"Nitaizima ukiwa unapika," nikasema.

"Na wengine wakipika?"

Nikawa naizima asubuhi, naizima mchana, naizima jioni. Nikipiga pasi, fyuzi inakatika nyumba nzima, na wapangaji wananiita kwa sauti hata kama siyo mimi niliyeikata. Saa za kuiwasha zilikuwa zile ambazo uani hakuna mtu, na saa hizo mimi mwenyewe niko kiwandani. Jumapili nililala humo peke yangu, nimejifunika shuka mbili, katika chumba chenye baridi ambayo sikuiomba. Umeme nao ulikuwa unapanda na kushuka upendavyo. Siku moja ukashuka, ukapanda ghafla, lile la nje likatoa moshi mwembamba, likanyamaza. Fundi alikuja akalifungua, akanusa.

"Imeungua, shemeji."

"Inatengenezeka?"

"Ikipatikana kompresa."

Nikamshukuru, nikamwambia asiitafute.

Mume wangu aliporudi safari ile nyingine, alibonyeza swichi kabla hajavua viatu. Nikamwambia imeungua. Akashika kitasa cha mlango.

"Ngoja nikamwite fundi."

"Ukienda kumwita fundi," nikasema, "utakaporudi hapa hunikuti. Nakwenda kwetu. Baba amekufa hukumwona, na mimi ndiye niliyejibu kila aliyeuliza mkwe yuko wapi."

Alikuwa amepata taarifa ya msiba akiwa baharini, lakini nadhani hakuwahi kuusikia ukisemwa kwa mdomo. Akaachia kitasa. Siku ya pili aliniambia nivae twende Kivukoni kupunga upepo.

Tulikaa juu ya ukuta wa ufukweni, mbali kidogo na kelele za wauza samaki. Akitazama meli zilizotia nanga, akaanza kunieleza chumba cha injini kilivyo. Kwamba joto la mle unalinywa. Kwamba wakitoka zamu wengine hutapika, na kwamba kabini yake, chumba kidogo cha kulala chenye baridi, ndiyo mahali pekee kwenye meli ambapo hukumbuka kwamba ana jina na ana mke. Alitaka mahali kama hapo nyumbani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba ninaogopa joto? Mimi baharia?"

Nilimwelewa, lakini hasira yangu haikuisha yote. Iliyobaki niliinuka nayo na kutembea nayo mpaka nyumbani. Njiani niliuliza kama kesho atakuja nami hospitali. Akasema atakuja. Asubuhi nilimkuta amekwisha vaa shati la pasi, anasubiri koridoni.