Masika Wawili wa Mama Mmoja

Harufu ya kahawa inayoanikwa baada ya mvua bado inanikasirisha. Kiwanda cha kahawa kilikuwa chini kidogo ya nyumba yetu pale Vulamba, na king'ora chake kilipolia asubuhi Butembo nzima iliamka, wanawake wakiteremka na vikapu vyao kwenda kuchagua punje. Mama alikuwa mmoja wao. Jioni alirudi na vumbi la maganda kwenye nywele, na kabla hajaketi aliita, "Masika!" nami nikatoka mbio kumpokea kikapu. Kwetu Wanande mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa: binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira. Nilikuwa binti pekee, kwa hiyo jina lile lilikuwa langu kabisa, kama pua yangu.

Kisha akaja Berthe. Baba yake alikuwa karani wa serikali aliyeletwa kutoka Kasai miaka michache baada ya uhuru, mjane mpole wa shati jeupe, asiyejua Kinande hata cha salamu. Alimwomba Mama amlishe binti yake pamoja nami tukitoka shule. Berthe alinizidi mwaka mmoja na kichwa kizima kwa urefu. Alikuwa na viatu. Alitia "mais" na "donc" za Kifaransa katika kila neno na majirani wakafurahi. Mimi nilipojaribu "donc" yangu mbele ya wageni, Mama aliniambia niache madaha. Siku ya tatu akamuuliza Berthe kama ana dada mkubwa.

"Hapana, Mama. Mais, miye ndiye wa kwanza."

"Donc weye ni Masika," alisema Mama. "Hapana kuuliza kabila."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Tangu siku ile akiita tulitoka wawili, na kwa miguu yake mirefu Berthe ndiye aliyekifikia kikapu. Baba akileta samaki kutoka Kyavinyonge, kichwa, ambacho miaka yote kilikuwa changu, kiligawanywa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miezi michache tu Berthe alikuwa amejua Kinande, tena anakitamka kama Mama, kwa upole uleule wa mwisho wa maneno. Nilimchukia. Kanisani nilifumba macho nikamwomba Mungu baba yake ahamishiwe Beni, wakaungue na joto la kule.

Waasi walipoingia mjini, king'ora kilinyamaza. Waliwasaka watu wa ofisi, na karani akakimbilia msituni bila kupita nyumbani. Mama alimvua Berthe viatu, akavitupa chooni, akamfunga kitenge chakavu. Mchana mmoja waasi watatu wakaingia uani kwetu, na Mama kwa woga akafanya alichozoea kufanya kila jioni. Aliita, "Masika!" Tukaitika sote wawili, tukasimama mlangoni.

Mmoja wa vijana wale alikuwa Mnande.

"Masika banakuwaka babili kwa mama moja?" aliuliza. "Moja ni mutoto wa karani. Ni nani?"

Mama hakuthubutu kunitazama. Ningesema tu jina langu, kikapu na kichwa cha samaki vingerudi kwangu. Nasema kweli, nililifikiria hilo, tena nililifikiria vizuri. Berthe alikuwa amenishika mkono.

"Miye ni Kavira," nikasema. "Masika ni huyu mukubwa."

Kijana akamgeukia Berthe, akamhoji kwa Kinande, na Berthe akamjibu kwa Kinande kile kile nilichokionea wivu. Wakaondoka na kuku wetu. Mama akatukumbatia, Berthe kwanza.

Mtaa mzima uliniita Kavira kwa ajili ya usalama, na karani aliporudi kumchukua mwanawe ulimi wa watu ulikuwa umeshazoea. Nimezeeka na jina hilo. Leo kiwanda ni ghala tupu, asubuhi tunaamshwa na pikipiki, na wajukuu wangu wanachanganya Kiswahili, Kifaransa na Kilingala hadi nabaki nyuma. Tulipomzika Mama, Berthe alikuja kutoka Beni, alikoolewa na kuzeekea bila kuungua hata kidogo. Katekista akamwita binti wa kwanza atupe udongo. Miguu yangu haikusogea; kwa mazoea nilimngoja yule mrefu atangulie. Berthe akanisukuma mgongoni.

"Enda, Masika. Ni ya kwako."

Nikachukua udongo, nikautupa. Nyuma yangu alikuwa akilia kwa Kinande, akimwita Mama vizuri kuliko ninavyoweza mimi, na hata pale kaburini, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.