Gauni la Kila Msimu

Jirani wa Severina, pale kijijini Makote, hushonea nguo barazani kwake, ameketi mkekani na miguu ameinyoosha. Vidole vyake vina mabaka meusi ya utomvu wa korosho, lakini sindano huitii mikono ile. Suruali iliyochakaa magotini huikata ikawa kaptula, kanga iliyopauka huigeuza foronya, na uzi anaoufumua huuzungusha kwenye kijiti ili autumie tena. Huimba chinichini kwa Kimakonde, na ukimsalimu huitikia bila kuinua macho.

Lipo gauni moja la mtoto ambalo halimaliziki. Kila mwaka, msimu wa korosho ukiisha, hulitoa sandukuni, akafumua upindo na kuongeza kipande cha kanga chini. Ni la binti yake, ambaye baba yake alivuka naye Ruvuma kwenda Msumbiji akiwa na miaka minne. Sasa ametimiza tisa.

Mwaka huu jirani huyo alikuja kwa Severina. "Mama Agatha, niazime mwanao kidogo. Nataka kupima urefu, maana yeye na wangu wamelingana umri."

Agatha akavalishwa. Jirani akapiga magoti, akabana upindo kwa pini, akanyoosha mabega, akamtazama. Gauni lilimkaa sawasawa.

"Nivue, mama?" Agatha akauliza.

Severina alifungua mdomo kujibu, akaona jirani bado amepiga magoti, ameushika upindo kwa mikono miwili.

"Bado kidogo, mwanangu," jirani alisema.