Chakula cha Tumbo Baridi

Tu-tu-tu. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinaruka siku yangu ya kwanza kazini, jikoni kwenye kliniki ya tiba asili ya Kikorea pale Nyasho. Daktari, mama Mkorea aliyeongea Kiswahili taratibu, akaja kupunguza gesi.

"Binti, mwache kuku alainike kwa amani. Usimgombeze."

Nilikuwa na darasa la saba tu, ila kichwani nilishafika Seoul nimevaa kofia ndefu ya mpishi.

Daktari alitufundisha kwamba chakula na dawa ni ndugu. Nyama, samaki, maharage, vyote vinajenga mwili, lakini kila tumbo na tabia yake. Mwenye tumbo baridi, yule wa mikono baridi na kuharishaharisha, tulikuwaga tunampikia kuku kwa tangawizi na vitunguu saumu. Mwenye tumbo la moto alipewa nguruwe au samaki, na mboga nyingi. Wote walitakiwa kula kidogo, watafune polepole, waache kabla ya kushiba.

Nikahamishiwa tawi la kliniki la Bunda chini ya Matroni mkali, mkuu wa wauguzi, halafu sote wawili tukapelekwa tawi la Butiama, lenye vitanda vichache. Hapo akaletwa bibi mmoja kutoka Mwitongo, amekonda hadi huruma. Daktari, aliyekuwa anazungukia matawi yote, akamshika mshipa wa mkono: tumbo baridi, supu ya kuku kila siku. Bakuli likawa linarudi tupu, bibi anazidi kuisha.

"Tutampoteza huyu," Matroni akasema.

Nikaenda kuchungulia. Bibi alikuwa anampa supu yake mzee wa kitanda cha pili.

"Bibi, mbona hivyo?"

"Mjukuu wangu, kwetu mwanamke hakulaga kuku. Nianze leo, marehemu mama nitamwambia nini nikimkuta huko?"

"Msimsumbue," mzee akadakia, "mimi naendelea vizuri sana."

Daktari akakaa kitandani kwa bibi. "Na mbuzi?"

"Mbuzi nakula. Hamkuniuliza."

Nikachemsha mbuzi na tangawizi mpaka nyama ikaachia mfupa. Bibi akaonja, akasema chumvi haitoshi. Nilifurahi mpaka machozi. Siku hadi siku akapata nguvu, mwisho akatembea mwenyewe hadi kwenye gari la kumrudisha kwao.

Sasa kliniki imefungwa, Daktari karudi Korea, nami nauza maharage Buhare, bado kijana ila nasimulia kama mstaafu. Wadogo zangu mnaobugia mayai mabichi mpate misuli, nawacheka kwa upendo. Ulizeni kwanza tumbo lenu linataka nini.

Siku ile bibi alipoondoka, nilikuta bakuli lake limefunikwa kwa sahani. Ndani kulikuwa na kipande cha ini la mbuzi.

"Alisema ni cha mpishi," mzee akaniambia, macho bado kwenye bakuli.

Nikaenda nalo jikoni, nikafunga mlango, nikakila kile kipande polepole.