Rasta za Kisogoni

Mama Kidoti alikuwa amekipa kioo mgongo, sindano mkononi, uzi mweusi mdomoni, na mtoto kamng'ang'ania mguu. Alikuwa anajishona kichwa. Rasta iliyochomoka aliibana kwa vidole viwili pembeni ya kishungi chake kilichobaki kisogoni, akaizungushia uzi mara kadhaa, akakaza, akakata kwa meno. Kisha akajipapasa. Ukigusa juu juu huwezi kujua.

Aliyemsuka ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa anajifunza ususi kwa mama mmoja mwenye saluni ambaye watu wote walimwita Chanuo. Na hiyo haikuwa rasta ya kwanza kushonwa. Kila alipomsuka, za mbele zilikaa, za kisogoni zikaanza kuponyoka moja baada ya nyingine, na Mama Kidoti akawa anazirudisha kwa siri wifi akiwa kazini.

Wifi alipohamia kwao, wale wawili walikaa kama wapangaji wasiojuana. Huyu akipika, yule anaongeza chumvi. Yule akifagia, huyu anapitisha ufagio palepale. Hakuna aliyemtukana mwenzake, ila kila mmoja alijua kufunga mlango wa chumba kwa sauti ya kusema jambo. Mpaka jioni moja wifi akaja na pakiti ya nywele kwapani, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima.

"Wifi, naomba kichwa chako."

"Kichwa changu? Cha kupeleka wapi?"

"Cha kujifunzia. Chanuo kasema sigusi mteja kabla sijaharibu vichwa vya nyumbani."

Wakacheka wote, na walikuwa hawajawahi kucheka pamoja. Mama Kidoti akakaa kwenye mkeka, mtoto ananyonya mapajani, wifi kakalia kigoda nyuma yake. Alianza kwa kumpaka mafuta, mengi, taratibu, mstari kwa mstari, mpaka ngozi ya kichwa ikalegea. Tangu ajifungue, kila mkono uliomgusa Mama Kidoti ulikuwa unataka kitu. Huu haukutaka kitu. Akasinzia.

"Inauma, wifi?"

"Wala! Una mkono mwepesi mpaka raha."

Siku chache baadaye rasta moja ilimtoka wakati anafua, akaiona inaelea kwenye beseni kati ya nepi. Alikusudia kumwambia. Lakini jioni ile wifi aliingia amechangamka, hata viatu hajavua, anauliza, "Zinashikaje?" Na usoni alikuwa na ile hali ya mtoto aliyekuja na daftari lake aonyeshe. Mama Kidoti akasema, "Zimeshika kama zimeota."

Kusema hivyo ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa baadaye, kuzifanya kweli zionekane zimeota.

Mara moja nusura aumbuke. Kidoti, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kutembea, alitoka uvunguni anaburuta rasta kama mkia wa paka.

"Hiyo ya wapi?" wifi akauliza.

"Ilibaki kwenye pakiti," mama mtu akajibu haraka. Mtoto akamtazama. Hajui kusema, lakini macho yake yalikuwa yamekaa usoni kwa mama yake, na Mama Kidoti akajikuta anamgeuza kumfuta makamasi ambayo hayakuwepo.

Basi wifi akaamini. Alimwambia Chanuo kwamba yuko tayari, kwamba kichwa cha nyumbani hakijawahi kuachia hata moja. Chanuo akampa mteja, mwalimu wa shule ya msingi ya jirani, mama mpole mwenye nywele laini.

Wifi alirudi siku moja mchana jua likiwa bado kali, akajilaza kifudifudi kitandani. Mama Kidoti alikwenda kukaa miguuni pake.

"Kuna nini?"

"Mwalimu amekuja saluni. Kaja nayo kwenye leso."

"Nini?"

"Rasta, wifi! Alikuwa anaandika ubaoni, kanyoosha mkono, ikamdondoka kisogoni mpaka chini. Kitoto cha dawati la mbele kikaiokota. Kikamwambia, 'Mwalimu, umedondosha mkia.'"

Mama Kidoti alitaka kucheka, akajionea aibu.

"Darasa zima," wifi akaendelea, sauti imezama kwenye mto. "Sasa hivi shule nzima wanamwita Mwalimu Mkia. Hakugomba, unajua. Angegomba ningepumua. Kaiweka tu mezani, kasema, 'Mwanangu, hii ni yako,' akajifunga kilemba akaenda zake."

"Na Chanuo?"

"Kaninyang'anya kitana. Kasema nikae nyumbani kwanza." Akageuka, macho mekundu. "Mbona kwako zinashika? Kwako hata moja haijatoka. Ni nywele zake mwalimu au ni mimi nina mkosi?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa fupi tu. Mama Kidoti akasema, "Lala kidogo, nikuletee chai."

Wifi hakutoka nje siku zile. Kaka yake akasema kazini kwao wanatafuta mtu wa kufua mashuka. Kama ususi umegoma, wiki ijayo aanze huko. Alisema kwa wema, akiwa anakula. Wifi akaitikia tu kwa kichwa. Mama Kidoti aliosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi. Akipita chumbani anaona vile vidole vya wifi vinasokota pindo la shuka, vitatu vitatu, vyenyewe, mwenyewe hana habari. Akajisemea kesho. Kesho akajisemea akiamka vizuri. Akiamka vizuri, ataanzaje kumharibia?

Mwisho ni wifi aliyeamka na wazo.

"Twende wote kwa Chanuo. Ukae kwenye kiti, akuvute mwenyewe aone. Wewe ndiye shahidi wangu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Chanuo mwenyewe alisema siku ile, 'Mlete huyo wifi yako nimwone.' Akiona zimeshika atanirudisha. Asiporidhika, basi, nitakwenda kufua mashuka."

Mama Kidoti alimfunga mtoto mgongoni. Njiani wifi alikuwa mbele, anatembea haraka, anageuka kumhimiza. Nyuma yake mwenzake alihesabu sababu za kurudi: mtoto ana joto, nimeacha moto, tumbo. Zote zilifika mpaka kooni na zote zikarudi.

Saluni ya Chanuo ilikuwa chumba kimoja chenye picha za mitindo zilizopaushwa na jua, harufu ya ncha za nywele zilizochomwa, na birika la maji ya moto lisiloondoka kwenye jiko. Chanuo alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, vibanio vimebana ukosi wa gauni lake kama medali.

"Ndiye shahidi huyu? Karibu, shahidi. Mtoto mpe mwenzio. Kaa, ila egemea huku, hicho kiti mguu mmoja hauna akili."

Akaanzia mbele. Alishika rasta moja, akaivuta, akaisikiliza kwa vidole kama mtu anayejaribu kamba ya ndoo. Akashika nyingine. Za masikioni. Za utosini.

"Mh," akasema. "Hizi zimeshika."

"Si nilikwambia!" Wifi alirukaruka na mtoto mpaka mtoto akacheka.

"Basi huenda mwalimu naye ana yake. Kuna watu wanaosha nywele kwa kila kinachotoa povu." Chanuo akaondoa mikono. "Haya, kitana chako kile pale dirishani. Kichukue."

Ilikuwa imekwisha. Mama Kidoti alichotakiwa kufanya ni kuinuka na kusema ahsante. Kwenye kioo alimwona wifi anaelekea dirishani, uso umefunguka. Akamwona na mwalimu ambaye hamjui, na kilemba chake, akiambiwa kwamba kosa ni la nywele zake. Na akaona kesho kichwa kingine, na kesho kutwa kingine, na kila mara wifi akirudi nyumbani kumuuliza yeye.

"Usimpe bado," akasema.

"Nini?"

"Za kisogoni hujazigusa."

"Za kisogoni zina nini?"

"Nimezishona. Kwa uzi."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa nje asikie vizuri. Chanuo alizifunua nywele za nyuma, akainama, akavaa miwani.

"Mama wee! Huyu ni fundi cherehani kabisa. Kaficha mpaka mafundo!" Akacheka, na yule wa mashine akacheka. "Njoo uone, binti. Wewe unasuka, mwenzio anapiga pindo."

Wifi alikuja. Yeye hakucheka.

"Zote hizi?"

"Za huku nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza."

"Kila siku, wifi."

"Kila siku."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana. Nilipenda unavyonisuka." Neno lilipotoka mdomoni lilikuwa dogo kuliko lilivyokuwa moyoni, na hakuwa na lingine.

Chanuo aliacha kucheka. Akachukua wembe, akakata nyuzi, akaweka rasta tatu kwenye kiganja cha wifi. "Lia baadaye. Kwanza tazama. Hapa juu, penye shina, unaona nini?"

"Mkunjo."

"Kuna unywele wa mtu ndani?"

Wifi akapekua. "Hakuna."

"Ndiyo maana imeteleza. Umekunja rasta ikapata miguu miwili, ukachukua nywele za mwenzio zikawa mguu wa tatu, peke yake. Sasa mbele ana nywele ndefu, ngumu, zinajishikilia. Huku nyuma zimekatika kwa uzazi, laini kama za huyo mtoto. Mguu wake ukiisha, unabaki umesuka rasta na rasta. Inakaa pale kwa heshima tu. Na mafuta? Unapaka lini?"

"Kabla."

"Kabla! Halafu unategemea ishike. Mafuta ni mwisho, ukishamaliza."

Akamwonyesha. Aligawa kile kishungi kidogo mara mbili, nusu akailaza na mguu huu wa rasta, nusu na ule, kisha akachota kidogo huku na kidogo kule kupata mguu wa katikati, hivi kwamba kila mguu ulikuwa na nywele za mwenye kichwa ndani yake. Kidole gumba na cha shahada vilibaki vimegusa ngozi, mizunguko ya kwanza ikawa mifupi, imesongamana. "Mkono usiondoke hapa mpaka ujisikie umefunga. Haya, wewe."

Wifi akampa yule wa mashine mtoto, akashika. Na akavuta. Alivuta kwa hasira yake yote, mpaka nyusi za Mama Kidoti zikapanda. Machozi yalimlenga. Aliona anastahili, akatulia hivyohivyo kama mtu anayelipa.

Chanuo akampiga wifi kofi mkononi. "Unamkomoa? Ukikaza hivyo utang'oa na mzizi, halafu hata kishungi hutakuwa nacho. Kinachoshika ni mgawo, nguvu ni ya nini?" Akamgeukia wa kwenye kiti. "Na wewe, bubu. Inauma?"

"Kidogo."

"Nimekuuliza inauma?"

Mama Kidoti akamtazama wifi kwenye kioo. "Inauma sana."

Wifi akafungua, akaanza upya.

"Hii?" akauliza kwa ukali.

"Imelegea. Nasikia inatembea."

"Hii?"

"Bado."

Hakuna aliyemwita mwenzake wifi tena mchana ule. Hii, bado, inauma, inatembea, fungua. Mtoto alilala kwenye mapaja ya mgeni. Chanuo alihudumia wengine, akipita anavuta moja, inatoka, anaiweka begani kwa Mama Kidoti bila neno. Jua lilipofika kwenye kizingiti alivuta moja, kichwa kizima kikaja nyuma na rasta ikabaki palepale. Akavuta ya pili. Akamtupia wifi kitana.

Mwalimu alikubali kukaa tena, kwa maombi ya Chanuo, na wifi alimwomba radhi mwenyewe, kapiga magoti pembeni ya kiti. Inasemekana saa zote alizosukwa mwalimu alikuwa anapeleka mkono kisogoni kama anachunga kitu kisiibiwe. Hazikutoka. Shuleni jina halijafutika, watoto ni watoto, na Mama Kidoti akisikia kengele ya mapumziko ikilia upande ule hujikuta ameinama kutafuta kitu ambacho hakijaanguka.

Nyumbani wifi bado anamsuka, maana vichwa vya kujifunzia ni vichache. Lakini haulizi tena. Akimaliza anavuta moja moja mwenyewe, kimya, kuanzia kisogoni. Mama Kidoti anapofungua mdomo kusema hii imeshika, anakuta mkono umeshahamia nyingine. Mafuta anapakwa mwishoni, kwa haraka. Usingizi haumjii.

Hakuna mlango uliobamizwa. Chumvi inatosha. Ni hilo tu, kwamba haulizwi, na yeye anajua sababu, na hana wa kumlaumu.

Asubuhi moja wifi alikuwa anajiandaa. Chanuo ana safari, na siku hiyo saluni itakuwa mikononi mwake peke yake. Alikuwa mbele ya kioo na blauzi mpya ya bluu, anajivuta huku, anajivuta kule. Mama Kidoti alikuwa anamlisha mtoto uji.

"Wifi," yule akasema, bila kugeuka. "Hii blauzi."

Jibu tamu lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi. Mama Kidoti akapuliza kijiko, akampa mtoto, akalimeza lile jibu.

"Imekubana makwapani. Ukiinua mikono kusuka itaachia."

Wifi akainua mikono, kama ameshika kichwa cha mtu. Kitambaa kikalia.

"Kweli," akasema.

Akaivua, akachukua nyingine kitandani. Kichwa kikiwa bado ndani ya nguo, hakijatokeza, akauliza:

"Na hii?"